Hongo alipoingia bwaloni: kisa cha Kinjeketile yetu hapa Njombe

Hiki kisa ni kirefu kidogo, mnivumilie, maana kila nikikutana na mwalimu mwenzangu anayelea klabu ya maigizo swali ni lile lile, "hivi ilikuwaje wale mabinti wenu wakaanguka", na kila mtu ana toleo lake. Kuna aliyesikia walianguka thelathini, kuna aliyesikia nilimleta mganga. Hawakuwa thelathini, walikuwa saba, na mganga hakuja, alikuja nesi. Kosa lilikuwepo kweli na lilikuwa langu, ila siyo lile watu wanalolidhani, ndo maana nataka nilieleze lote na vimambo vyake vidogo vidogo.

Sekondari yetu ni ya bweni, wavulana na wasichana, ipo nje kidogo ya mji wa Njombe, jina naliacha. Nafundisha Kiswahili na historia. Ukumbi hatuna, tuna bwalo la chakula, sakafu ya simenti, madirisha mawili hayana vioo tangu sijafika, na wanaojua Njombe ya Juni na Julai wanajua nazungumzia nini, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kila mwaka kwenye mahafali ya kidato cha nne klabu inatoa igizo, na kila mwaka ni lile lile, Ngoswe au Kilio Chetu, kwa sababu watoto wanazisoma darasani, mistari wanayo tayari, wazazi wanacheka, watu wanaenda kula. Mwaka huo nikasema hapana, tufanye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein.

Sababu yangu ilikuwa ya mwalimu wa historia zaidi kuliko ya mtu wa maigizo. Watoto wetu wakifundishwa Maji Maji wanadhani ni habari ya Wamatumbi na Wangoni, mbali huko, watu waliodanganywa eti risasi zitageuka maji, na darasa zima linacheka. Sasa Yakobi si iko hapa hapa jirani na mji? Septemba 1905 Wabena wa chifu Mbeyela walivamia misheni ya Yakobi na walirudishwa kwa bunduki. Kwa hiyo nikiwa darasani kuna mtoto anacheka na kumbe babu wa babu yake alikuwepo. Nilitaka wasimame ndani ya mwili wa mtu aliyeamini, waone kama kuamini kule ni ujinga au ni kitu kingine. Vita ile ya 1905 mpaka 1907 iliua watu ambao makadirio yake yanaanzia 75,000 yanafika 300,000, wengi kwa njaa baada ya mazao kuchomwa, siyo kitu cha kuchekea.

Kwa ambao hawajaisoma: ni tamthiliya ya 1969. Kinjeketile anashikwa na pepo Hongo, anavutwa majini, watu wanakata tamaa, halafu anatoka akiwa mkavu na anawapa watu maji na neno la kuungana. Na humo humo kwenye maneno anayotoa akiwa bado hajarudi vizuri kuna mtego, anasema watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar. Watu wanashangilia, hawasikii. Baadaye akili ikimrudia ndo anagundua, aah, kumbe pepo anatutoa kwa bwana mmoja anatupeleka kwa mwingine. Anataka kuwazuia wasubiri, wajipange, wapi, neno limeshamtoka na halirudi. Mwandishi mwenyewe alisema wazi kwamba huyu Kinjeketile wake ni wa kisanaa, tusimchukue kama ndo yule yule wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905.

Mnaona ugumu uko wapi. Siyo mistari. Mistari watoto waliikopi kwa mkono kwenye madaftari maana vitabu vilikuwa vitatu tu, na baada ya wiki tatu walikuwa nayo kichwani, tukabaki kugombana na "Mlufiji" badala ya Mrufiji, ambayo kwa mtoto wa Kibena ni vita ya maisha na nikaiacha, sijaona mtazamaji wa Njombe atakayelalamika. Ugumu ni kile kipande cha kupandwa na Hongo. Ukikifanya kwa kuchekesha tamthiliya nzima imekufa, ukikifanya kwa woga watu hawaamini kwa nini taifa zima lilimfuata huyu bwana.

Kinjeketile wetu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mpole, mtu wa kwaya, mama yake ni mtu wa wokovu kwelikweli. Umati nikauweka wasichana kumi na sita na wavulana kumi, wengi kidato cha pili na cha tatu. Na hapa sasa nieleze nilichofanya, maana ndo kiini.

Mimi sikusomea sanaa za maonyesho. Nilichokuwa nacho ni hisia kwamba umati ukipumua pamoja na Kinjeketile, mtazamaji atapumua nao. Nikawaambia pumueni juu juu, haraka, kwa mdomo, kama mbwa aliyekimbizwa, mfuate ngoma. Mpiga ngoma wetu kijana mmoja ana mikono mizuri ila kama wapiga ngoma wote akishanogewa anakimbia. Kipande kilitakiwa kiwe dakika mbili. Siku za mwanzo kikawa dakika mbili, kikasisimua, mpaka mwalimu wa hesabu alisimama mlangoni na vitabu vyake akasahau anakoenda. Mimi kichwa kikawa kikubwa. Nikasema tuongeze. Kikawa dakika nne, tano, halafu nikaacha kuhesabu.

Ijumaa moja ya Julai, chakula cha jioni kilichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, nikasema basi tufanye prakitisi kwanza watakula baadaye. Saa mbili usiku. Umeme ukakatika, tukaweka taa moja ya chaji sakafuni, vivuli vikapanda mpaka darini, na mimi kama mjinga nikafurahi, nikaona taa imejileta yenyewe. Ngoma ikaanza. Kinjeketile wetu akalala kifudifudi kwenye ile simenti ya baridi akawa anavutwa kuelekea jikoni, ndo kulikuwa mto wetu, umati unahema, ngoma inapanda, mimi narusha mkono juu, ongeza, ongeza.

Binti mmoja wa kidato cha pili, mstari wa nyuma, akaacha kuhema akawa anaangalia mikono yake. Nakumbuka vizuri sana sura yake, hakuwa na hofu kwanza, alikuwa anashangaa. Vidole vilikuwa vimejikunja, dole gumba limeingia ndani ya kiganja, vile vinne vimenyooka vimebanana kama mdomo wa bata, akijaribu kuvifungua havifunguki. Akasema, "Mwalimu, midomo yangu siisikii." Halafu miguu ikaisha akakaa chini. Wa pembeni yake akamtazama mikono, akatazama ya kwake, akakuta na yeye ganzi imeshaanza, akapiga yowe. Na mtu, mpaka leo sijui nani, akatamka lile neno, "Mapepo!"

Basi. Mpaka hapo ilikuwa binti mmoja ana ganzi. Baada ya lile neno, ndani ya dakika kama tatu walikuwa saba chini, wengine wanalia, wengine wanatupa miguu, wavulana wamekimbilia nje, viranja wanaimba pambio kwa sauti ya juu, mmoja kaleta ndoo kutoka jikoni anawanyunyizia maji. Ndio, maji. Nilikuja kulicheka hilo baadaye sana, usiku ule sikucheka. Na Kinjeketile wetu bado alikuwa sakafuni anajivuta kuelekea jikoni, hajui kama igizo limekatika, ilibidi nimshike mabega nimtikise, akaamka akaona wenzake walivyolala akaanza kutetemeka, akaniuliza, "Mwalimu, ni mimi nimewafanya hivi?"

Matroni alipiga simu, nesi wa zahanati akaja na bodaboda, mama mtu mzima hivi, koti kubwa juu ya sare. Alivyoingia hakuuliza habari ya pepo. Alifukuza watazamaji wote, mimi nikiwemo, akaagiza wale saba watenganishwe, kila mmoja na mtu wake mmoja, mlango ufungwe, kelele zizimwe, hata pambio, akaomba kwa heshima waimbie mbali. Nilichungulia dirishani, lile lisilo na kioo. Alimshika yule wa kwanza mkono akamwambia toa pumzi mwanangu, taratibu, kama unapuliza chai ya moto, usivute, wewe toa tu. Tena. Tena. Vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Ilichukua kama dakika arobaini wote wametulia. Akaja nje akaniuliza maswali mawili. La kwanza, "Hawa wamekula saa ngapi?" La pili, "Mlikuwa mnawafanyisha nini, wamehema sana hawa."

Hapo ndo nikajua. Alinieleza akiwa amesimama anamsubiri bodaboda wake, na baadaye nikaenda kumsumbua mwalimu wa bailojia anipe vizuri: ukihema haraka haraka bila kazi ya maana mwilini, kukimbia au kulima, unatoa kaboni daioksaidi nyingi kuliko inavyotengenezwa, damu inabadilika, mishipa ya kichwani inabana, kizunguzungu kinakuja, midomo na vidole vinapata ganzi, misuli ya mikono inajikaza yenyewe, na anayeogopa anahema zaidi kwa hiyo inazidi. Weka juu yake njaa, baridi, giza na mitihani ya muhula. Kwa maneno mengine mimi kwa kutumia ngoma na mkono wangu nilikuwa nimewatengenezea mwilini kila dalili ambayo tangu wadogo wameambiwa ni dalili ya kupandwa. Mwili ulikuwa unasema ukweli. Tafsiri tu ndo ilitoka kwenye giza.

Ila pumzi inaeleza wa kwanza na labda wa pili. Wale watano wengine? Watatu kati yao hata hawakuwa wanahema, walikuwa kwenye benchi wanasubiri zamu yao. Hapa nikakumbuka habari ya Kashasha, kule Kagera, ambayo wengi tunaijua kama ugonjwa wa kucheka. Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha, ikaenda mpaka ikafika 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi. Hakuna mdudu aliyepatikana, hakuna sumu kwenye chakula. Watoto wako mbali na nyumbani, wana mzigo, hawana pa kuusemea, mmoja mwili ukisema kwa niaba yake wengine miili inaitikia. Nasi walimu wa bweni tunayaona haya sana kuliko tunavyoyasema, karibu kila mtu ana hadithi ya mabinti kuanguka kipindi cha mitihani. Nilikuwa na taarifa zote hizi kichwani, nikazisahau kwa sababu kipande kilikuwa kinasisimua.

Jumamosi asubuhi simu zikaanza. Ya mama yake Kinjeketile naiandika kama ilivyokuwa maana ilinifundisha kuliko kozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Mimi mwanangu nilimleta asome."

"Ni kweli mama. Na anasoma vizuri. Lile jambo la jana mama ni maigizo tu, hakuna pepo pale."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Kama ni maigizo tu mwalimu, mbona watoto walianguka kweli?"

Sikuwa na jibu. Nilisema sema vitu, nikataja hewa, nikataja njaa, lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko majibu yangu. "Ni maigizo tu" ni uongo ambao sisi walezi wa klabu tunausema kila siku. Kama ni maigizo tu kwa nini tunataka wazazi walie? Mapafu hayajui kama uko stejini. Ukimwambia mtoto aheme kama aliyepandwa, mapafu yake yamehema kweli, moyo wake umekimbia kweli, na ukimwacha huko bila njia ya kurudi amebaki huko kweli. Nilikuwa nimewafundisha kupanda kwa wiki saba, kushuka sikuwafundisha hata siku moja. Prakitisi ikiisha nilikuwa napiga makofi nasema haya, bweni, na wao wanaenda kulala na Hongo kichwani.

Kikao cha stafu Jumatatu kilikuwa kikali. Akademiki alitaka igizo lifutwe kabisa, na hoja yake haikuwa mbaya, kidato cha pili wana mtihani wa taifa Novemba. Mkuu wa shule akapendekeza turudi kwenye Ngoswe. Mwalimu mmoja wa dini akasema tubaki na Kinjeketile lakini kile kipande cha Hongo kikatwe, msimulizi aje mbele aseme tu "Kinjeketile akapandwa na pepo". Hili la tatu lilikuwa linavutia na nililifikiria siku mbili nzima. Tatizo lake, ukikata pale unakata na ule mstari wa Seyyid Said, na bila ule mstari Kinjeketile anakuwa tapeli tu aliyewauzia watu maji halafu akaogopa, yaani linabaki lile lile la darasani la kucheka. Msimulizi naye akisema amepandwa, mtazamaji anaambiwa aamini, haoni kwa nini wenzake waliamini.

Nikaomba wiki mbili za kuonyesha njia nyingine, mkuu akakubali kwa masharti: hakuna prakitisi usiku, hakuna prakitisi kabla ya chakula, ngoma marufuku, kidato cha pili wote watoke isipokuwa mzazi akubali mwenyewe, na mzazi yeyote akitaka kuja kuangalia prakitisi aruhusiwe. Sharti la ngoma liliniuma. Leo naona ndo lililotuokoa.

Kwanza nikabadilisha pumzi. Badala ya kuvuta, wote watoe. Umati unatoa pumzi ndefu kwa pamoja, haaaa, hesabu ya nane, halafu kimya mpaka mwili wenyewe utake, bila kulazimisha. Ukitoa pumzi polepole hupati ganzi, unatulia, na kwa mtazamaji ile sauti ya watu ishirini wanatoa pumzi kwenye bwalo la baridi, mvuke unaonekana mdomoni, inaogopesha kuliko ngoma yoyote. Nilikuwa natafuta kelele kumbe kilichotakiwa ni kimya.

Pili, Kinjeketile asitetemeke. Tulijaribu mambo mengi, kutetemeka kwa polepole, kutetemeka mkono mmoja, yote yalikuwa ni kuigiza kutetemeka. Mwishoni ni yeye mwenyewe aliyeuliza kama anaweza kutembea tu. Wasichana wawili wakashika vitenge viwili vya bluu virefu, mto, yeye anatembea hesabu ya nane kila hatua huku mkono mmoja uko mbele kama kuna mtu amemshika, macho yanaangalia kule anakovutwa, na mwili wake kuanzia kiunoni umebaki nyuma unagoma. Anaingia chini ya kitenge. Kitenge kinatulia. Ndo basi. Sehemu yote ya kupandwa iko kwenye ule mkono mmoja na kiuno.

Tatu, sauti. Akitoka majini asipige kelele. Nikamwambia aseme kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani paredini, hayana furaha hayana huzuni, yanasomwa tu, na umati ndo ushangilie. Hapo ule mstari wa watoto wa Seyyid Said ukasikika kwa mara ya kwanza, maana yeye kapoa na wao wamewaka, sikio linajiuliza, ngoja, kasema nini? Kitunda wetu nikampa kazi moja tu, usishangilie hapo, geuza kichwa. Kwenye kitabu Kitunda ndo mtu wa kufikiri, kwa hiyo inamkaa.

Nne ni kushuka, na hili ningelifanya hata kwa Ngoswe. Kinjeketile alikuwa anavaa kaniki. Prakitisi ikiisha haondoki mbio, anaivua mwenyewe, anaikunja mara nne, anaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Halafu wote tunakaa duara, kila mtu anataja jina lake halisi, darasa lake, na alichokula mchana. "Mimi ni fulani, fomu sirii B, nimekula makande." Wa pili, makande. Wa tatu, makande. Ikifika wa kumi watu wanacheka maana wote ni makande, na ndo hapo nataka wafike. Mwalimu wa dini aliomba duara lifunguliwe na kufungwa kwa sala, nikasema karibu. Wapo wenzangu waliona hapo nimesalimu amri, mimi sioni hivyo, wale watoto wana njia zao za kurudi nyumbani kabla yangu, kazi yangu ni kuhakikisha wamerudi.

Yule binti wa kwanza mzazi wake alikubali, akarudi, na yeye ndo alishika kitenge kimoja. Siku moja nikamweleza habari ya kaboni daioksaidi na vidole, nilichora mpaka ubaoni, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa mwalimu, ni pumzi. Lakini pumzi mbona siku zote tulihema na hizo dalili hazikuja, zikaja siku ile?" Nikamwambia njaa, giza. Akaitikia, ila macho yake hayakuitikia. Nikaacha. Sikutaka kumshinda.

Hasara nazo nizitaje. Wavulana watatu na wasichana watano hawakurudi. Mpiga ngoma alisusa, na haki yake, yeye alipiga alichoambiwa halafu akawa ndo mchawi, kwenye bweni lao walimwita Hongo mpaka muhula ukaisha na mimi nilichelewa sana kulijua hilo. Lakini hasara kubwa ni ya muda. Tulitumia karibu nguvu zote kwenye kipande kimoja cha dakika mbili, ile sehemu ya mwisho, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo na yeye anakataa, tuliifanyia prakitisi mara nne tu. Mara nne! Sehemu ambayo tamthiliya yote inakimbilia pale.

Siku ya mahafali, mwisho wa Septemba, bwalo lilijaa mpaka watu wamekaa madirishani, yale mawili. Salamu za kamwene nyingi, vitenge, wazee na makoti. Kipande cha mto kilipofika walitoa pumzi, na nikasikia wazazi walio mbele nao wanatoa, bila kujua. Bibi mmoja wa mstari wa kwanza akasogeza miguu yake kitenge kilipopita kama vile kweli ni maji. Mstari wa Seyyid Said ukapita, Kitunda akageuza kichwa, na mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kusoma tamthiliya maishani mwake, akaniinamia sikioni akasema, "Huyo jamaa amewauza."

Halafu ikaja sehemu ya mwisho, na pilau lilikuwa limeiva. Jikoni ni pale pale nyuma ya mto wetu, harufu ikaingia, masufuria yakaanza kugongana, watoto wadogo wakaanza kulia, watu wa madirishani wakashuka kwenda kushika nafasi. Kinjeketile wetu anasema mistari yake mizito kuliko yote na sauti yake ya kwaya haifiki hata katikati ya bwalo, na mimi sikuwa nimemfundisha afanye nini watu wakiondoka. Alimaliza. Makofi yalikuwepo, ya watu wenye njaa.

Mama yake alikuja. Alikaa karibu na mlango, pochi mapajani, kama mtu aliyejiandaa kutoka muda wowote, na hakutoka. Nilimkuta nje amesimama peke yake, nikamsalimia, akaitikia, habari za kazi, nzuri mama. Hakusema habari ya pepo wala ya ile simu. Aliniuliza, "Sasa mwalimu, pale mwisho sikusikia vizuri kelele zilikuwa nyingi. Hivi kwa nini hakusema tu kwamba yale maji ni uongo, akaenda zake nyumbani?"

Nikamwambia subiri, na nikamwita Kinjeketile wetu aje amjibu mwenyewe. Akaja, kaniki ameshaitundika, sahani ya pilau mkononi, mdomo umejaa.